Bugali Uliopikwa Mlango Umefungwa

Kwenye matanga ya mume wangu watu walilia huku wakitaja vyakula. Binti yetu mkubwa alikumbuka supu ya vitunguu ambayo baba yake alimpelekea alipojifungua. Mjukuu wetu, mwanaume mzima mwenye ndevu, alisema hakuna hoteli Bukavu inayokaanga viazi kama babu yake, kisha akajifuta pua kwa mkono wa shati. Mimi nilikaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, na wivu ulikuwa unanila. Ndiyo, wivu, kwa umri huu, mbele ya jeneza. Kila aliyefungua mdomo alikuwa anajikatia kipande cha mume wangu, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Niseme wazi: mimi ni mtu wa wivu. Mume wangu alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka taratibu, na tulipendana hadi mwisho. Lakini miaka ile kabla ya uhuru, nilipokuwa mke kijana mwenye watoto wawili huko mtaa wa Kadutu, juu kilimani, nilimgawana na jiko la watu wengine.

Alikuwa mpishi wa familia ya Wabelgiji huko Nyalukemba, kwenye zile nyumba zinazoangalia ziwa. Asubuhi alishuka kwa miguu na shati jeupe nililolipiga pasi, jioni akapanda amechoka. Alipolivua shati nililinusa kabla ya kulitia majini. Siagi. Vitunguu. Siku nyingine mvinyo, ambao alinieleza kwamba ulikuwa wa kupikia nyama tu. Kwa pua yangu nilijua Madamu, mama wa nyumba ile, amekula nini, na Madamu hakujua hata kama mimi nipo duniani.

Kisha alinawa, akaketi, nikamwekea bugali, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alikula kimya, akamaliza, akasema, "Iko muzuri." Kila siku iko muzuri. Nilimchungulia usoni nione kama ananilinganisha. Kumwambia aingie jikoni mwenyewe lilikuwa jambo lisilotamkika. Kwa wazungu mwanaume alipika na kujivunia, maana ilikuwa kazi. Nyumbani kwake angeonekana ameshika mwiko, mtaa ungesema mkewe amemlisha dawa.

Siku moja alisahau aproni yake. Niliwaacha watoto kwa dada yangu, nikashuka nayo hadi Nyalukemba na kuzunguka mlango wa nyuma, kama ilivyotakiwa kwetu sisi. Mlango ulikuwa wazi. Mume wangu alisimama mbele ya jiko kubwa la chuma. Madamu alikuwa kando yake, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri andazi. Mume wangu akachota mchuzi kwa mwiko, akaupuliza, akatanguliza kiganja chini yake usidondoke, akamwonjesha. Yule mama akafumba macho, akasema neno kwa Kifaransa, na mume wangu akacheka. Kicheko kile sikuwahi kukisikia Kadutu.

Sikuwa mjinga. Nilijua hakuna jambo kati yao, na lingekuwapo ningejua la kufanya. Kilichonichoma ni kule kupuliza. Nilikuwa nimemzalia watoto wawili, na hakuna kitu alichowahi kunipulizia kipoe. Niliiacha aproni kwenye ngazi, nikapanda kilima bila kuaga.

Jioni alikuta babula, jiko letu la mkaa, halina moto.

"Mama watoto, chakula iko wapi?"

"Watoto walikula. Weye sikukupikia."

"Juu ya nini?"

"Nataka unipikie. Mara moja tu. Vile unapikiaka Madamu."

Alitazama mlango kwanza, kama kuna aliyesikia.

"Mwanaume apike kwake? Unataka Kadutu muzima banicheke?"

"Kule unapikaka."

"Ile ni kazi, mama."

"Basi niite Madamu, upike."

Hakucheka, na mimi sikulegea. Siku zilizofuata aliishi kwa mkate na ndizi, akaenda kazini bila kunitazama, na majirani wakaanza kuuliza kwa nini mpishi anakonda. Niliogopa. Mwanamke anayemnyima mumewe chakula angeweza kurudishwa kwao, na kwetu Mumosho wasingenipokea kwa vigelegele. Kila jioni nilijiambia kwamba kesho nitawasha moto, na kila jioni nikalinusa shati, hasira ikaanza upya.

Jumapili, tulipotoka misa, yeye mwenyewe aliwapeleka watoto kwa dada yangu. Akarudi na kuku ndani ya koti, kama mwizi. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akaiingiza babula ndani.

"Ikala," akaniambia. "Leo njo weye Madamu."

Nilikaa kwenye kiti chake kama bibi harusi. Ndipo nikaanza kuona mambo. Kwa wazungu kulikuwa na jiko lenye milango na vyuma vya kupunguza moto. Babula yetu haikuwa na cha kupunguza, na vitunguu viligeuka vyeusi kabla kuku hajaingia. Na bugali! Kule Nyalukemba hawakula bugali, na nyumbani siku zote aliukuta umeshapikwa na mama yake, na dada zake, na mimi. Hakuwahi kusonga hata mara moja. Aliumwaga unga wote kwa mkupuo, ukafanya mabonge, akawa anayakimbiza kwa mwiko huku jasho na machozi ya moshi vikimtiririka. Nilitaka sana kumnyang'anya ule mwiko. Nikaikalia mikono yangu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mwenye sauti ya kufika sokoni.

"Maman! Nini iko inaungua mule?"

Mume wangu, mrefu vile, akarukia nyuma ya pazia la kitanda na mwiko mkononi. Nikafungua mlango kidogo.

"Njo miye, maman. Nimeunguza bugali."

"Muke wa mupishi anaunguza bugali!" Alishika kiuno kwa kicheko. "Maskini papa wa watu! Na iko wapi?"

Neno moja tu, na ningekuwa mwanamke wa kwanza Kadutu kupikiwa na mumewe. Nilitamani kulisema hadi ulimi ukaniwasha. Lakini miguu ya mume wangu ilionekana chini ya pazia, imebanana kama ya mtoto anayejificha. Nikasema ametoka kutembea, nikafunga mlango. Kufikia jioni wanawake wote bombani walikuwa wananicheka.

Alitoka nyuma ya pazia. Akachukua kipande cha kuku, upande mmoja mweusi, upande mwingine bado una damu. Akakipuliza, akatanguliza kiganja chini yake, akanipa.

"Iko muzuri?" aliniuliza, na usoni alikuwa na woga uleule niliokuwa nao mimi kila jioni.

"Iko muzuri," nikasema, nikala chote, hata yale mabonge yenye unga mkavu ndani.

Hakurudia, na sikumwomba tena. Uhuru ulipokuja Madamu aliondoka, akamwachia sufuria yake nzito; niliipandia lengalenga, mchicha wetu, nje ya mlango na mume wangu hakuthubutu kulalamika. Alipozeeka na nyakati zikabadilika, alipika mchana kweupe, mlango wazi, na kwa babula ileile aliyokuwa ameshaizoea. Wajukuu walimzunguka, akawapulizia mmoja mmoja, na mimi pembeni nimenuna. Walidhani nimechoka.

Kwenye matanga yule jirani naye alikuja, sasa hana meno lakini sauti ni ileile. Akasubiri wenzake wanyamaze.

"Huyu mama aliunguzaka bugali, Kadutu muzima tukasikia moshi! Na papa akakula tu, hakusema kitu. Njo mwanaume ule!"

Watu wakacheka katikati ya machozi. Mjukuu mwenye ndevu akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono.

"Koko, ni kweli uliunguzaka?"

Nikamwambia ni kweli. Chakula kizuri cha mume wangu walishakula wote, hata Madamu. Kibaya alinipikia mimi tu, na sikuwa tayari kugawana.