Maneno Niliyomficha Mama

Mwaka niliorudi kijijini kwetu Ntalikwa na shahada yangu kutoka Uganda, moyo wa mama ulianza kwenda mbio bila sababu. Alikuwa akikaa anapepeta karanga, ghafla anashika kifua na kunyamaza. Nikimshika mkono, mapigo yalipita upesi kuliko nilivyoweza kuyahesabu.

Nilimpakia kwenye baiskeli, tukafuata barabara ya zamani ya misafara mpaka hospitali, Tabora. Daktari alikuwa Mwingereza na mkalimani wake hakuwepo, kwa hiyo nikatafsiri mimi. Moyo ukianza kwenda mbio, alisema, mama awekewe usoni kitambaa cha maji baridi sana. Usipotulia, alale chali, abane pua, afumbe mdomo na kujikamua kwa nguvu kama mtu aliyekosa choo, tukihesabu mpaka kumi na tano, kisha tumwinue miguu. Shingo tusiibonyeze kamwe. Hiyo ni kazi ya daktari.

Nilitafsiri maji. Nilitafsiri shingo. Nilipofika kwenye choo nilimtazama mama, amejitanda khanga, mikono juu ya magoti, nikaona haiwezekani mtoto wa kiume kumwambia mama yake maneno hayo mbele ya mwanamume mgeni.

"Anasema upumue polepole," nikasema.

Njiani nilijiambia nitamweleza nyumbani. Nyumbani nikafikiria kumwandikia, lakini barua hiyo angemsomea nani kama si mimi? Nikatafuta neno la Kinyamwezi, nikaona ndilo baya zaidi. Wiki zikapita. Moyo ulianza tena mara mbili, na mara zote mbili maji yalimsaidia, baada ya kuhangaika sana.

Mara ya tatu hayakusaidia. Midomo ilimpauka, jasho likamtiririka, akaniuliza kwa sauti ndogo kama anakufa. Nilitoka mbio uani, nikamkuta shangazi, dada yake baba, anatwanga.

"Shangazi, mwambie mama ajikamue."

"Ajikamue nini?"

"Kama... kama mtu anayehangaika chooni. Daktari alisema."

Akautupa mchi. "Na wewe ulikuwa unangoja nini? Msomi mzima!"

Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Wifi! Watoto sita umewasukuma, usiniambie umesahau. Bana pua. Funga mdomo. Sukuma!"

Mama, katika hali ile, alitabasamu, kisha akasukuma. Mimi nilisimama mlangoni nimewapa mgongo, nahesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na tano shangazi aliniita niinue miguu. Kwenye kifundo cha mguu nilihisi mapigo yakisita. Nilidhani kusita kule ndio mwisho. Kisha yakarudi, moja moja, taratibu.

Mama alitazama paa.

"Daktari alisema haya siku ile ile?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mara zile mbili nilipodhani nakufa, wewe ulikuwa unajua."

Alinitazama bila hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Safari nyingine tutakwenda na wifi," alisema. "Utamnong'oneza yeye, yeye ataniambia."

Tulifanya hivyo. Baiskeli isingetosha watu watatu, tukaenda kwa miguu, tukipumzika kila mama alipotaka. Daktari alipozungumza, nilimnong'oneza shangazi, naye akamwambia mama. Daktari aliangalia saa yake mara kadhaa. Sikuacha hata neno moja.