Shangazi, Mkandaji na Paja la Baba

Nilisikia makofi nikiwa bado ngazi ya kwanza. Pa, pa, pa, juu ya nyama iliyopakwa mafuta. Nyumba yetu ya Ndia Kuu haina siri. Hata kikohozi hutangulia kushuka kabla ya mwenyewe. Nikajua shangazi amemleta mkandaji.

Kwapani nilikuwa na picha za eksirei za baba, nimetoka nazo hospitalini. Saratani iliyoanzia kwenye figo ilikuwa imehamia mfupa wa paja. Daktari alinionya: asikandwe, mfupa ule waweza kukatika kama kijiti cha mshikaki.

Figo lenyewe lilitolewa mwaka uliopita, na shangazi akatuapisha wote tumwambie baba ni jiwe, asije akafa kwa kulisikia jina. Kwa shangazi yalikwisha siku ile. Figo ni figo, mguu ni mguu. Mguu ulipoanza kuuma, ukoo mzima ukageuka madaktari. Huyu akasema baridi ya feni, yule jicho la watu. Shangazi alishikilia ni mizigo ya Shimanzi, ingawa baba alikuwa karani wa ghala, na kitu kizito alichowahi kuinua huko ni kalamu. Sigara, presha na kitambi, ambavyo daktari alivitaja kwanza, havikushukiwa na mtu. Vilikuwa watu wa nyumbani.

Baba alilala kifudifudi. Mkandaji akachovya vidole kwenye bakuli la mafuta ya simsim.

"Mgongo umelegea, mzee. Sasa tushuke pajani."

"Usishuke," nikasema.

Shangazi akanikata jicho. "Vitabu vimempanda kichwani huyu. Endelea, fundi."

Mikono ikashuka. Mimi mwandishi, ninayejaza kurasa mia tatu kueleza mvua, nilikuwa na neno moja tu la kusema.

"Baba, lile halikuwa jiwe. Ilikuwa saratani, na sasa imefika mguuni. Akikukanda utavunjika."

Mkandaji akaondoa mikono kama aliyeshika sufuria ya moto. Baba akageuza shavu juu ya mto.

"Itatoka?"

"Haitoki. Kuna mionzi ya kupunguza maumivu, na dawa za kuichelewesha. Wengine huenda nayo miaka, wengine miezi. Wewe, daktari hakuthubutu kukisia."

Akamgeukia shangazi. "Mwaka mzima, dada, umeninyima mchicha kwa ajili ya jiwe."

"Nilikuhurumia, kakangu."

"Basi huruma yako ina njaa."

Mkandaji alilifunika paja kwa shuka, polepole, akamwombea shifaa, akakataa chai na kushuka. Shangazi alibaki akilitazama bakuli.

"Na jamaa wa Tononoka?" akauliza. "Wote wajua ni jiwe."

"Nani aliwaambia?" baba akasema.

"Mimi."

"Basi nenda ukawaambie ni saratani."

Akavaa buibui bila kututazama, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.