Kola Chini ya Sweta

Pale Ukonga, ukiulizia nyumba ya Bibi Eufrazia hupewi namba. Unaambiwa fuata mlio. Mashine yake ya kufumia imekaa barazani kama mgeni wa heshima, na tangu asubuhi inalia kraa, kraa. Kufuma alifundishwa na masista huko kusini angali msichana. Akaolewa na seremala wa Keko, akaletwa mjini, na yule bwana alipotangulia mbele ya haki, mashine ndiyo iliyosomesha watoto. Basi shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara akaihesabu kuwa yake. Wanafunzi wakijipanga mstarini, yeye huwakagua kutoka kigodani: sweta lile limekaa, lile mabega yamependeza, lile huyu mtoto kalitafuna mkono, ngoja nimkamate.

"Eufrazia we," jirani yake Bi Wahiba wa dukani alipenda kumchokoza, "Dar nzima inajipepea, wewe unawavika watoto wa watu sufu. Una ugomvi nao gani?"

"Muulize mwalimu mkuu. Mie nafuma tu, siamrishi."

Na kweli ilikuwa amri. Mwalimu Kamugisha alikulia Bukoba, kwenye migomba na ukungu, na kwake mwanafunzi asiye na sweta hakumaliza kuvaa. Bukoba sweta lina kazi. Ukonga mwezi wa pili, saa nne tu, mbwa kashahama kivuli mara mbili.

Jumanne moja mstari ukarefuka kwa matangazo, na Jenipher wa darasa la nne akaenda chini. Hakupiga kelele, alikunjika tu kama kanga iliyoteleza kwenye kamba. Bibi Eufrazia alivuka barabara pekupeku na dumu la maji mkononi. Alikuta walimu wamemlaza kivulini wanajaribu kumvua sweta, na yule mtoto, macho nusu yamefumba, kalishika pindo kwa mikono miwili hataki kuliachia.

"Geukeni nyote," akasema bibi. Akamfunika kanga yake, akamvulia sweta humo ndani, akamlowesha kichwa, shingo na makwapa, akampepea kwa sweta lile lile. Jenipher akarudiwa na fahamu, akanywa maji kidogo kidogo. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Bibi, sweta langu."

Mwalimu Kamugisha alishtuka vibaya. Siku ile ile akatangaza: sweta marufuku mpaka masika, mstari uhamie kivulini, mchakamchaka uishe kabla jua halijachomoza vizuri, kila darasa liwe na ndoo ya maji yenye koki. Yote yakafanyika isipokuwa moja. Kesho yake watoto walikuja na masweta yao mwilini. Huyu ana homa, yule ana mafua, mwingine bibi yake kamkataza. Jasho linawatiririka na vifungo wamefunga mpaka juu.

"Ukaidi tu," alilalamika mwalimu getini. "Wakianza kuanguka tena nitawaambia nini wazazi?"

Bibi Eufrazia akaitikia, akarudi kigodani, lakini mashine hakuigusa. Alijua. Shati jeupe ni ghali, na mama mwenye watoto wengi huja kwake kwa sauti ya chini kuomba kola. Kola yenyewe, kipande cha kifua na vifungo vitatu, basi. Unaishonea juu ya fulana yoyote, sweta linafunika yaliyobaki, mtoto anaenda shule nadhifu. Alishona nyingi, na alizishona vizuri. Sasa sweta atavua nani? Na akinyamaza, nani ataanguka kesho, na je, atainuka?

Jioni akaingia ofisini kwa mwalimu, akamwomba afunge mlango.

"Chini ya yale masweta hakuna mashati, mwalimu."

"Kuna nini, bibi?"

Akatoa kola mfukoni, nyeupe, imepigwa wanga, akailaza mezani. Mwalimu akaigeuza huku, akaigeuza kule, kisha akachungulia chini ya meza.

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Hakuna nusu. Hilo ndilo shati lenyewe."

Mwalimu akairudisha kola mezani taratibu. "Wako wangapi?"

"Hilo sikuambii. Ukinibana nitasema mie mzee nimesahau. Na sijasahau hata mmoja."

Mwalimu akajifuta paji la uso. Alikuwa kwenye koti lake zito, tai juu, jasho limefika kwenye nyusi.

"Na wewe je?" bibi akamuuliza. "Humo kotini si kama umenyeshewa?"

Akaangalia mlango, akacheka peke yake, akalivua koti, akageuka. Mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya pasi nzima, ya kahawia, na ncha yake.

"Umeme ulikatika nanyoosha," akasema. "Nikaiacha pasi pale pale, nikaenda kuoga. Umeme ukarudi."

Bibi Eufrazia alicheka mpaka akatafuta kiti.

Asubuhi, mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu akavua koti, akageuka polepole kama mtu anayepimwa nguo. Halafu nyuma kabisa mmoja wa darasa la saba akapasuka, na kicheko kikapita mistari yote. Akawasubiri.

"Mmemaliza? Haya. Masweta kwenye mabegi, kila mtu abaki na alichonacho. Atakayetaka kumcheka mwenzake, aje kwanza anicheke mie."

Jenipher ndiye aliyeanza. Kola nyeupe juu ya jezi nyekundu ya kaka yake, imetoboka ubavuni. Akafuata wa pili, jezi ya njano na kijani, kisha wakawa wengi, na hapo aibu ikakosa nafasi.

"Kumbe na wewe Simba? Ndiyo maana ulikuwa unajificha."

"Nyamaza, Yanga we, kola imekupendeza kuliko timu yako."

Mwalimu wa zamu akawapigia makofi watulie, hakuna aliyemsikia.

Barazani, Bi Wahiba alikuwa kashika kiuno. "Haya, mwenzangu, biashara yako ndiyo hiyo wameitia mabegini."

"Iache ipumzike, masika yakifika wataitafuta." Bibi Eufrazia alikuwa anatazama zile shingo, moja moja, mstari mzima. "Hebu angalia kola, Wahiba. Kuna hata moja iliyolala?"

Mchana shati la mwalimu likaletwa kwake kwenye mfuko. Akalikatia mgongo mpya kutoka kwenye shuka. Kisha akaitazama kola ya shati lenyewe, ya dukani, akaibonyeza kwa kidole, ikalala, akaguna, akaifumua nayo ashone yake.