Ungo wa Kwendea Bwawani

Harufu ya tope la bwawa, tope lenye kinyesi cha bata na majani yaliyooza, hunirudia puani kila mvua ya masika inapoanza huku Rongai. Nyumba yetu haikuwa na tangi. Maji tuliyateka katika bwawa ambalo walowezi waliwachimbia ng'ombe wao, chini ya shamba la mahindi, na njia ilikuwa moja tu, katikati ya vichaka. Mwaka ule bata bukini wa mwitu, jike na dume, walitaga kando ya njia hiyo hiyo, na dume akaamua kwamba hapiti mtu.

Alikuwa wa rangi ya udongo, na doa jeusi kuzunguka jicho kama mtu aliyepigwa ngumi. Alinyoosha shingo, akatoa mlio wa kukwaruza, kisha akaja mbio akipiga mabawa. Anayedhani bawa ni manyoya tu hajapigwa nalo. Siku ya kwanza nilirudi na mguu uliovimba na mtungi mtupu. Mama alikuwa amejifungua juzi tu, Baba yuko mbali machimboni Kariandusi, na nepi za mtoto zimerundikana. Mzee jirani alishauri tuvunje yale mayai. Mama alikataa akiwa kitandani. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema. "Yule hana ubaya. Tafuteni namna ya kupita."

Namna aliipata Nyambura, dada yangu mkubwa. Aliutoa ungo ukutani, akaushika mbele yake kama mlango. "Kaa nyuma yangu na usikimbie. Ukikimbia atajua." Nililishika gauni lake, nikasikia mdomo ukiugonga ungo, ta, ta, na mabawa yakivuma. Tukirudi, mitungi mgongoni, alitangulia tena. Mzee jirani alitucheka. "Wasichana, siku hizi mnapepeta maji?" Nyambura hakugeuka. "Ndiyo, mzee. Tukimaliza tutakuletea makapi." Msimu huo sikulala vizuri, na hali haikutulia mpaka vifaranga walipoanguliwa wakaingia majini. Husemwa kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi niliutegemea mgongo wa dada yangu, na nepi zikafuliwa.

Nyambura tulimzika wiki iliyopita. Tangu hapo siwezi kukaa. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, naweka chai chini kabla sijainywa, naenda langoni na kurudi bila kujua nilifuata nini. Jana wageni wa matanga walimaliza maji ya tangi, nikasema nitakwenda bwawani mimi. Shiru, binti yake mdogo, akanifuata. Bata wametaga tena pale pale. Labda ni wajukuu wa wale. Nilirudi nyumbani nikachukua ungo. Dume alipokuja, mikono ilinitetemeka hata ungo ukawa unanigonga kidevuni, na machozi yakanitoka. "Anti, wewe huogopi?" Shiru aliuliza, amelishika gauni langu. Nilimwambia akae nyuma yangu.

Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba dada yangu hakuogopa kitu. Lakini mimi niliuona mgongo wake tu. Uso wake, asubuhi zile, aliyeuona ni yule bata.