Mwalimu na Kiti cha Bwana Mkubwa

Mwalimu amefariki. Habari ilinifikia stendi ya Bariadi, nikiwa nimeshakaa kwenye bodaboda nasubiri dereva amalize kubishana na mwenzake kuhusu mpira. Dereva mwenyewe ni mzaliwa wa kijijini kwetu, kule Itilima, si mbali na Lagangabilili. Alisoma ujumbe kwenye simu, akanigeukia, akasema, “Kaka, mwalimu katutoka.” Nikamuuliza mwalimu yupi, maana walimu walionichapa ni wengi. Akajibu, “Yule wa kukataa soda.” Sikuuliza zaidi. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua siandiki kumbukumbu za kupaka watu rangi, kwa hiyo niseme mapema kwamba marehemu hakuwa mcheshi wala mkarimu. Alitembea na matobolwa yake kwenye mfuko wa rambo, yaani viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga kidogo, akavila peke yake mbele yako bila kukukaribisha. Ukimkaribisha wewe alisema ameshiba. Hatukuwa marafiki. Tulifahamiana, na kwa tabia yake hiyo ilikuwa ndiyo hatua ya mwisho mtu aliyoweza kufika.

Nilianza kumwangalia vizuri kwenye uwanja wa ngoma. Kwa wasiojua mambo ya kwetu, pamba ikishauzwa vijiji huingia kwenye mashindano ya makundi mawili ya ngoma za Kisukuma. Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, uwanja mmoja, saa ile ile, kila kundi na manju wake anayeliongoza. Hakuna majaji wa kutoa alama. Watu wenyewe ndio majaji, na wanaamua kwa miguu: ukipendezwa na ngoma unasogea kwake, ukichoka unahama. Jua likizama, upande wenye watu wengi umeshinda. Lakini lazima awepo mtu wa kulinda uwanja, na kijijini kwetu mtu huyo alipatikana kwa manju wote wawili kukubaliana. Wakishakubaliana, hakuna wa kumwondoa mpaka jua lizame, hata akiwaudhi namna gani, na yeye hali chakula cha kambi yoyote. Miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya mwalimu. Kwa kuzaliwa alikuwa Mgalu, baba yake Mgalu, shangazi zake Bagalu wa kupindukia, na kila mtu alilijua hilo. Nilimuuliza manju wa Bagika kwa nini wanamkubali. Akafikiri kidogo, akasema, “Huyu anatukera wote sawasawa.”

Basi mwaka mmoja Bagika wakaja na chatu. Manju alimvaa shingoni, akacheza naye, na watu wakamiminika upande wao. Mtendaji wa kata alikuwa amealikwa, kijana mpole, mgeni, na alikuwa hajawahi kuona chatu akipelekwa ngomani. Alinyanyuka na kiti chake kimyakimya, akavuka uwanja, akaenda kukaa kwa Bagalu. Hakupiga makofi wala hakutabasamu. Alikaa tu. Haikupita muda, mwenye shida ya kibali cha ng'ombe akamfuata, mwenye kesi ya mpaka wa shamba naye akamfuata, waliobaki wakaona wenzao wanahama nao wakahama. Bagalu wakaanza kushinda, shangazi zake mwalimu wakapiga vigelegele. Mwalimu akavuka uwanja kwa mwendo wake wa kukagua madaftari.

“Mwadila, mtendaji,” alimsalimu kwa Kisukuma, salamu ya mchana.

“Mwadila, mwalimu.”

“Naomba kiti chako.”

“Kwani nimemshangilia nani?”

“Hujamshangilia mtu. Umekaa tu.”

“Sasa kosa langu nini, mwalimu? Mimi naogopa nyoka, basi.”

“Kuogopa nyoka si kosa. Ila wewe unaogopa nyoka, na hawa wanakuogopa wewe. Jioni hatutajua kama wamependa ngoma au wamependa kuonekana na mtendaji.” Akabeba kile kiti mwenyewe, akakiweka nyuma ya vyoo vya shule, mahali ambapo huwezi kuona ngoma hata moja. Mtendaji alikaa huko mpaka mwisho, kwa heshima zote. Watu wakarudi kwa chatu, Bagalu wakashindwa, na shangazi mkubwa wa mwalimu akamwita mbele ya watu, “Ng'wanawane, mwanangu wewe, hivi wewe ni wa kwetu au wa nani?” Mwalimu akajibu, “Wa kwenu, shangazi. Mngecheza vizuri.” Alinuniwa mpaka msimu wa pamba uliofuata.

Sasa nije kwenye uchaguzi. Mwalimu alikuwa msimamizi wa kituo cha kura kwenye darasa la shule yetu, na mimi nilikuwa kwenye foleni, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Ieleweke kwanza alikuwa katika hali gani. Alikuwa amekaribia kustaafu, na mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kabisa, aliishi naye na alikubali kulishwa na mwanawe huyo tu. Kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu akihamishwa, mama ataishi vibaya. Mkewe alimwambia asubuhi ile, na mimi nikipita nilimsikia, “Baba fulani, leo usigombane na mtu, nakuomba.” Akasema sawa. Jua lilipopanda, bwana mkubwa mmoja wa serikali akafika na gari na kreti ya soda. Simtaji cheo wala jina. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumpangia mwalimu aamkie wapi. Akaingia darasani, akatusalimia wote kwa upole, akavuta kiti cha mwalimu mkuu, akakaa karibu na sanduku la kura. Alisema amekuja kutusalimia tu. Jirani yangu, aliyekuwa akijigamba tangu alfajiri atakavyopiga kura, akakumbuka ana mbuzi hajamfunga, akaondoka.

“Mwalimu, karibuni soda, mnachoka,” alisema bwana mkubwa.

“Ahsante, mheshimiwa. Nimekuja na chakula changu.”

“Basi endeleeni na kazi, msinijali.”

“Hatuwezi, mheshimiwa. Naomba kiti chako.”

“Unasemaje?”

“Sheria inataja watu wa kukaa humu. Wewe humo hutajwi.”

“Mwalimu, unanijua mimi ni nani?”

“Nakujua vizuri sana. Nao wanakujua. Ndiyo maana nakuomba kiti.”

Jamani, nilitaka ardhi ipasuke. Askari wa zamu akawa anachunguza ukuta kana kwamba hajawahi kuona chokaa. Bwana mkubwa alinyanyuka taratibu, akatabasamu lile tabasamu la watu wenye kumbukumbu nzuri, akatoka na soda zake. Mwalimu akabeba kiti, akakipeleka nje, akarudi, akasema, “Anayefuata.” Jirani yangu akarudi, mbuzi ameshafungwa. Jioni kura zikahesabiwa, na upande aliokuwa akiubeba bwana mkubwa ukashinda. Ulishinda vizuri, kwa kura za watu, na wakala wa upande ulioshindwa alikuwa wa kwanza kuwapa mkono wenzake. Kituo cha kijiji jirani, ambako bwana mkubwa alikaa na soda zikanyweka, upande ule ule ulishinda pia. Huko mpaka leo wapo watu wasiosalimiana kisimani, maana walioshindwa hawajayaamini matokeo. Yaani mtu alifukuzwa kutoka kwenye ushindi wake mwenyewe, na badala ya kushukuru, akamhamisha mwalimu. Alipelekwa shule ya mbali huko Meatu, akapanga chumba, mama akabaki kijijini. Ng'ombe wake aliwaacha kwa shemeji yake, nao wakafa kwa magonjwa yasiyoeleweka huku shemeji akinenepa. Mama yake alifariki msimu wa mvua. Mto ulikuwa umejaa, gari likashindwa kuvuka, na mwalimu alifika kaburi limeshafunikwa. Nilimkuta amesimama pale na mfuko wake wa rambo. Safari hii alinikaribisha tobolwa moja, nikala, na mimi nililia kuliko yeye. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka hadi leo ninapoandika.

Kila uchaguzi ukikaribia huwa nasikia watu wakisema tunahitaji wasimamizi wasio na upande. Sijui mtawatoa wapi. Malaika hawaombi kazi za muda za uchaguzi. Binadamu ana baba, ana shangazi, ana chama moyoni hata kama hana kadi. Mwalimu alikuwa Mgalu mpaka anazikwa. Kilichomfanya asimamie ngoma kwa haki si kutokuwa na upande. Ni kwamba pande zote zilimchagua, na hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kumwondoa kabla jua halijazama. Kwenye kituo cha kura alikuwa mtu yule yule, matobolwa yale yale, ila safari hii mmoja wa wenye hamu ya matokeo alikuwa ndiye mwenye kalamu ya kumhamisha. Wakubwa huniambia, “Mwandishi, sisi hatujampigia msimamizi simu hata mara moja.” Nawaamini kabisa. Mtendaji wetu naye hakumpigia mtu simu, alikuwa anaogopa nyoka tu, na bado alihamisha uwanja mzima. Mtu mwenye uwezo juu ya mkate wako akikaa karibu nawe, hahitaji kusema kitu. Na tusitegemee kila darasa lipate mkorofi wa aina ya marehemu, aliye tayari kumpoteza mama yake kwa ajili ya sanduku letu. Si haki kumwomba mtu hivyo. Wasimamizi wachaguliwe na pande zote, na wasihamishwe wala kufukuzwa na mwenye hamu ya matokeo. Uwanja wa ngoma umeliweza hilo bila semina.

Msibani tulikuwa wengi. Bagika walikuja, Bagalu walikuja, manju wa chatu alikuja bila chatu, na mtendaji, ambaye siku hizi ana mvi, alisimama mbali akiangalia chini kwa tahadhari. Bwana mkubwa naye alikuja. Alishastaafu zamani, na baada ya kustaafu aliamua kugombea udiwani, kwa upande ambao enzi zake alikuwa hautazami usoni. Wenyeji walimwekea kiti mbele, chini ya turubai, kama desturi. Akakikataa, akaja kukaa kwenye jua, kwenye jamvi, karibu nami. Akaanza mwenyewe.

“Siku ya kura zangu,” alisema, “nilikuta mkubwa wa sasa amekaa darasani. Amekuja kusalimia tu. Na soda.”

“Msimamizi alifanya nini?”

“Alikunywa.” Akafuta jasho. “Nilitoka nje nikampigia mwalimu simu. Alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani. Nikamwambia, mwalimu, njoo umtoe huyu mtu, wewe ndiye unayejua kuwatoa.”

“Akasemaje?”

“Akasema, mheshimiwa, pole sana. Aliyekuwa anafanya kazi hiyo ulimhamisha.”

Nilimtazama nikitegemea kumwona amekasirika, lakini alikuwa analia, mzee mzima, bila kujificha. Enyi mliokaa ndani sasa hivi, mkitusalimia tu, tokeni na viti vyenu wakati yupo wa kuwaomba. Siku mtakayosimama nje mtaihitaji simu ile ipokewe na mtu aliye kazini. Chakula kilipoletwa, bwana mkubwa alisema ameshiba.