Neno Nililoliruka

Nilipoingia sekondari nilipata kiburi, nisiseme uongo. Pale kwetu Pasiansi kila karatasi ya Kiingereza ililetwa kwangu, hata maelezo ya dawa za minyoo. Majirani waliniita Profesa, nami nikaitika bila haya.

Baba alikuwa mpima samaki katika kimojawapo cha vile viwanda vya minofu ya sangara vilivyoota ufukweni biashara huria ilipoanza. Mwaka ule dada yake alifariki huko Nansio, kisiwani. Baba akamuaga msimamizi wake kwa mdomo, kama watu wanavyoagana msiba unapotokea, akapanda meli, akazika, akakaa matanga siku tatu. Hivi nani humzika dada yake kisha akakimbilia mizani?

Jumatatu iliyofuata alirudi na barua ya meneja, mgeni aliyekuwa na miezi michache tu nchini.

"Haya, Profesa, tusomee," akasema, akakaa mbele yangu na kofia mkononi.

Ilikuwa mistari mitatu. Kwa sababu ya *fecklessness* ya baba, meneja alitaka maelezo kwa maandishi kabla ya Ijumaa, ndipo aamue kama mkataba utaongezwa.

Neno lile sikulijua. Mama ananitazama, wadogo zangu wananitazama. Nikaliruka.

"Wanataka ueleze kazi yako, baba, ndipo waamue kuhusu mkataba."

Alifurahi, masikini. Akaniandikisha barua ndefu: miaka yake pale, mizani yake isiyopunja mtu, shukrani kwa wakubwa. Msiba hakuutaja. Angeutajia nini?

Kuanzia hapo neno lile halikunitoka kichwani. Nilijiambia labda ni neno zuri. Thubutu! Lingekuwa zuri ningeogopa nini kuuliza? Kamusi pekee nzima ya shule ilifungiwa kabatini kwa mwalimu wa Kiingereza, naye alikuwa amekwenda kwao Sengerema. Jumanne hayupo. Jumatano hayupo. Alhamisi nikamkuta.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kamusi."

"Marahaba. Mbona una haraka hivyo?"

Nikalipata. Kutotegemeka, ulegevu wa mtu asiyejali wajibu wake. Chini yake waliandika asili: Waskoti walichukua neno la Kiingereza *effect*, yaani matokeo, wakalikata kichwa, likabaki *feck*, yaani nguvu au faida, kisha wakalitia mkia wa kukosa. Mtu asiye na faida. Baba yangu huyu anayeamka kabla ya majogoo!

Nilikimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa uani anaosha miguu.

"Baba, ile barua uliyoniandikisha iko wapi?"

"Nilishaipeleka jana. Mambo ya ofisi hayangoji siku ya mwisho."

Nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Ijumaa asubuhi alikwenda kueleza habari ya msiba, akajibiwa kwamba maelezo yake yalishapokelewa, na kwamba mkataba ungeishia mwisho wa mwezi.

"Ungesema tu hulijui, mwanangu," aliniambia jioni ile. "Ningetafuta mwingine wa kunisomea."

Miezi kadhaa baadaye ilikuja barua nyingine ya Kiingereza. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele. Baba aliifungua, akaitazama, akavaa kofia yake, akanipita pale pale mlangoni kwenda kumtafuta jirani amsomee.