Pampu Iliyofungiwa Ofisini

Binti yetu alipoingia darasa la tatu, shule yake ya hapa Mayfair, mtaa wa Johannesburg, ilileta kanuni mpya: hakuna mtoto kubeba dawa. Dawa zote zikae kwenye kabati la ofisi, funguo ashike sekretari, mpaka nesi atakapopatikana wa kuzisimamia. Nesi mwenyewe alikuwa mmoja wa kuzunguka shule chungu nzima, na kwetu alipita mara moja moja kupima macho na kuchanja. Kwa hiyo pampu ya pumu ya mwanangu, kitu anachotakiwa kukifikia kabla pumzi haijamwishia, ikafungiwa ghorofa nyingine. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa ni kwa usalama wa watoto. Mpaka leo nikiikumbuka sentensi hiyo damu inanichemka.

Sisi ni watu wa Tanga. Kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuleta Johannesburg, nami nikapata uhasibu katika kampuni moja kule Newtown. Binti tulimzalia huku. Kiswahili anakisikia, lakini anajibu kwa Kiingereza, na akigombana na wenzake ni Kizulu kitupu. Lugha ilipotushinda tukakazania adabu: amwamkie mkubwa shikamoo, apokee kitu kwa mikono miwili, na wakubwa wakiongea asimame pembeni, mikono nyuma, mpaka aulizwe shida yake. Wageni walimsifu, na mimi kichwa kikavimba.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2017, hewa kavu imejaa vumbi na moshi wa makaa. Alibanwa kifua uwanjani wakati wa mapumziko, na mwalimu wa zamu akamwambia akimbie ofisini. Mtoto hana pumzi, naye anaambiwa apande ngazi mbio. Alipofika, sekretari alikuwa kwenye simu anabishana na mtu kuhusu sare zilizochelewa. Binti yangu akafanya alivyofundishwa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasubiri. Sekretari alimwona, akamwinulia kidole kwamba angoje kidogo, akaendelea na sare zake. Alipokata simu mtoto alikuwa amekaa sakafuni, midomo imekuwa rangi ya majivu.

Wakati huo hata pampu haikumfungua kifua. Sekretari akanipigia mimi kabla ya ambulensi, kwa sababu mtoto ana bima ya binafsi na bima yetu inataka mzazi aombe kibali kwanza. Nikawapigia bima. Mwanamke mwenye sauti tulivu kabisa aliniuliza kama mtoto amezimia. Nikasema bado. Akasema kwa mpango wetu hiyo haijawa dharura, nimpeleke kwa daktari wa kawaida. Nilikata simu. Niliingia kwenye gari nikavuka roboti, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu, watu wananipigia honi na kunitukana, nikamchukua mwanangu na kumkimbiza hospitali iliyokuwa karibu. Walimvalisha barakoa ya mvuke wa dawa, na kufikia jioni alikuwa anaomba chipsi.

Baadaye bima ilikataa kulipa. Walisema kwa kuwa mtoto hakulazwa, haikuwa dharura. Nilikwenda ofisini kwao mwenyewe, nikakaa mbele ya kijana mmoja mwenye tai, nikamwambia anionyeshe palipoandikwa dharura ni nini.

"Huo ni mwongozo wetu wa ndani, mama," akasema kwa upole. "Wanachama hawapewi."

Nilimtaka arudie, maana nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kwa upole uleule. Hata nyanya za kwenye spaza, kiduka cha mtaani, naruhusiwa kuzibonyeza kabla sijanunua. Hawa wanakata mshahara wa mume wangu kila mwezi kwa ahadi ambayo maana yake wanaijua wao peke yao, na mimi natakiwa kuijua siku mtoto anakata roho. Niliondoka pale bila kuaga.

Shule iliitisha mkutano wa wazazi, na ofisa mmoja wa serikali akaja kutufafanulia sheria. Alisema sera inatambua haki ya mwanafunzi kupata huduma ya afya shuleni, ila idadi ya manesi inategemea bajeti. Mama mmoja Mkongo, mshonaji, akauliza kwa sasa nani atoe dawa. Ofisa akasema asiye nesi haruhusiwi. Nikasimama, nikasema basi mtoto arudishiwe pampu yake akae nayo mfukoni.

"Idhini ya kubeba dawa husainiwa na nesi," akajibu.

Ukumbi mzima ulicheka, kicheko kile cha mtu aliyechoka kudharauliwa. Yeye hakuona cha kuchekesha. Tulipokuwa tunatoka, sekretari alinishika mkono, akaniambia binti yangu ana adabu kuliko watoto wote wa shule ile, kwamba siku ile alingoja bila hata kumkatiza. Alikuwa ananisifia, na alimaanisha. Nikaenda kulia kwenye gari.

Jumamosi yake nilimkalisha binti jikoni. Nilimwambia akikosa pumzi asimngoje mtu. Aingie, apige meza, apige kelele.

"Hata kama mkubwa anaongea?" akauliza.

"Hata kama ni mwalimu mkuu. Hata kama ni mimi."

Tukafanya mazoezi. Mimi nilijifanya niko kwenye simu, nacheka na dada yangu wa Tanga, naye akatoka nje ili aingie kwa fujo. Alifika mlangoni, akasimama. Mikono ilijiendea nyuma yenyewe. Nikamrudisha. Akaja tena, akasimama tena, ananitazama midomo, akisubiri simu yangu ya kuigiza iishe. Nilikuwa na hasira, na hata chembe yake haikuwa juu ya mtoto. Serikali ina sheria, shule ina kabati, bima ina mwongozo, na mimi nimebaki jikoni kwangu namfundisha mtoto ukorofi ili asife.

Mwishowe aliingia, akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikatikisika.

"Shikamoo mama," akasema, taratibu. "Siwezi kupumua."

Nikamwambia arudi mlangoni, tuanze upya.